Kijiko Chenye Kutu

Katika maabara yangu, chombo kisichooshwa mara tatu hakiguswi. Ndivyo tulivyolelewa bwenini, nami sijaona sababu ya kuacha.

Kwa hiyo binti wa dada yangu alipodai kwamba kibati chake cha nikeli kinapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni kwa umeme mdogo kuliko vyote tulivyowahi kupima, niliosha vyombo kwa mkono wangu, nikachanganya maji na potashi mpya ya kupitishia umeme, nikarudia jaribio kwa kibati kingine cha aina hiyo hiyo. Kibati kikalala doro. Nikarudia, doro tena.

"Jina lako naliondoa kwenye ripoti," nikamwambia. "Inapelekwa saa nane. Sitii saini namba za kuota."

"Mjomba, sikuota. Nimepima mara tisa."

"Mbona kwangu hakifanyi kazi?"

"Labda kinakuogopa, kama sisi wengine."

Fundi wa maabara, aliyekuwa akifuta meza, alikohoa kuficha kicheko. Nikamkazia macho. Akazidi kukohoa.

Nilimwamuru binti aanze upya mbele yangu. Akafungua kopo la potashi, akavuta mtoto wa meza, akatoa kijiko cha chuma kilichoota kutu hadi shingoni.

"Unachotea hicho?"

"Cha plastiki umekifungia kabatini, Mjomba, na ufunguo unatembea nao."

Punde kibati chake kikafoka mapovu. Nami, nikiiwazia ile kutu, nikatia katika chombo changu safi matone mawili ya maji yenye chumvi ya chuma, tukasubiri. Dakika ya kumi, kibati kilichokuwa maiti kikaamka. Chuma, hiki hiki cha misumari na makomeo, kilikuwa kimejipenyeza ndani ya nikeli na kufanya kazi tunayoilipia madini adimu. Usafi wangu ndio uliokuwa ukikifukuza.

"Jina litabaki," nikasema. "Kitadumu siku ngapi, bado hatujui, liandike hilo. Na kijiko ukiandike."

"Watatucheka, Mjomba!"

"Wacheke. Andika pia kwamba mkuu wa maabara aliliosha jibu, akalimwaga."

Aliandika neno kwa neno, bila hata kunipunguzia. Nikatia saini saa nane kasorobo, nikamkabidhi na ufunguo wa kabati. Moyo wangu ulikuwa mweupe.

Fundi, mwenye kutaka kunipendeza, akanyoosha mkono akioshe kijiko.

"Thubutu!" tukamkemea sote wawili.