Mizunguko ya Eda

Kabla mumewe, Mfaume, hajafariki, Bimkubwa alikuwa ameandikishwa na watafiti waliofika kisiwani Jibondo. Walitaka watu wazima wenye afya watembee nusu saa kila siku kwa miezi minne, kisha wapimwe damu, ijulikane kama mazoezi huchelewesha chembe za mwili kuzeeka. Mwezi wa pili Mfaume akafa, naye akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, asitoke nje ya ua.

Ahadi ni deni. Akawa anauzunguka mpapai wa uani, kutoka mlango wa jiko hadi ukuta wa makuti na kurudi, mpaka mchanga ukafanya njia.

"Mjane gani huyu asiyetulia?" alifoka mavyaa yake, Bi Mwanasha, mama wa marehemu, aliyelala kitandani barazani mwaka wa tatu sasa, hajigeuzi. "Unamkimbia nani?"

Bimkubwa aligeukia ukutani, akaendelea kutembea. Sanduku lake lilikuwa tayari uvunguni. Eda ikiisha, angerudi kijijini kwao, Kanga.

Zilipobaki siku tatu, muuguzi wa utafiti alileta majibu.

"Ndani ya chembe mna nyuzi," alieleza, "na ncha zake huchakaa kwa umri, kama kamba isiyofungwa mwisho. Zako hazijachakaa sana kwa umri wako, dada. Huenda ni huko kutembea."

Bimkubwa akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

"Alhamdulillahi!" Bi Mwanasha akaushika mkono wa Bimkubwa, machozi yakimlengalenga. "Nilihofia utazeeka kabla sijafa, mwanangu. Nani angenigeuza?"

Wala hakuuachia.