Mgongo wa Folke

Tangu Folke Hallgren apande meli kwenda Amerika, Algot Rask alikuwa akifanya mazoezi peke yake. Zamani walipasua mbao pamoja katika kiwanda kimoja karibu na mji wa Sundsvall, Uswidi, na jioni wakitoka kazini walikimbia barabara ya msituni, Folke mbele, Algot nyuma. Miaka yote hiyo Algot hakuwahi kumpita. Mgongo wa Folke aliujua kuliko uso wake.

Kiangazi kilichofuata, Algot alikwenda Stockholm kuwania ubingwa wa taifa wa mita elfu moja na mia tano. Bastola ilipolia alijikuta mbele ya wote, na hapo hapo miguu ikawa mizito. Hakuwa na wa kumfukuza. Akapunguza mwendo makusudi, akamwacha mkimbiaji mmoja wa Gothenburg apite, kisha akamganda kama kupe. Mzunguko wa mwisho akachomoka, akakata utepe. Watu wakarusha kofia juu. Algot akageuka kutafuta wa kumkumbatia, akaona sura ngeni tu.

Aliporudi hakupitia chumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Hedvig, mamake Folke, akaiweka medali mezani. Mama yule akaigeuzageuza, kisha akamtilia kahawa.

"Folke angekuwepo, ungekuwa wa pili," alisema.

"Najua, mama."

"Sasa umeniletea ya nini?"

Algot alikizungusha kikombe. "Sikuwa na mwingine wa kumwonyesha."

 Mama Hedvig alikata mkate, akaupaka siagi nene kama alivyozoea kumpakia mwanawe, akamsogezea. "Hata mimi sina wa kumpikia. Kula."

Tangu hapo Algot alikwenda kila Jumapili kumpasulia kuni. Maongezi yao yalikuwa machache, na jina la Folke lilitajwa kwa nadra zaidi kadiri miezi ilivyopita.

Alishindana misimu miwili mingine, na magazeti yakamsifu. Kisha siku moja, theluji ikianza kuyeyuka, alisimama katikati ya kilima kule msituni, mikono kiunoni, akasikiliza kama kuna hatua za mtu mbele yake. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye misonobari, basi. Akarudi akitembea, na hakukimbia tena.

Kiwandani walipomuuliza, alisema goti linamsumbua. Wakamwamini.