Flashi Tatu Juu ya Kahawa

Siku Restuta anafariki, mume wake, Ezron, alikuwa Tunduma akimbembeleza bwana harusi mmoja wa kutoka Nakonde acheke. Bwana harusi hakutaka kucheka. Ezron alimwonyesha meno yake mwenyewe kama mfano, akamwambia afikirie kitu kizuri, akamwambia basi afikirie hata sahani ya pilau. Muda wote huo simu ilikuwa ndani ya begi la kamera, imezimwa mlio, kwa sababu mpigapicha mwenye adabu hapokei simu mbele ya bibi harusi. Alipoitoa, saa kumi na moja jioni, alikuta amepigiwa mara thelathini na nne. Picha za harusi ile zilitoka vizuri sana.

Restuta alikuwa amemaliza kugeuza kahawa kwenye vichanja, akakaa kwenye kigoda chake kupumzika. Jirani yao Ferista alipopita kuomba chumvi alimkuta bado amekaa, ameegemea mguu wa kichanja, hajibu hodi. Hospitali walisema ni presha. Alizikwa Jumatatu, hapo hapo Ihanda, juu kidogo ya shamba. Matanga yalipoanuliwa, ndugu walirudi Ileje, binti yao Rozi akarudi kwenye duka lake la vifaa vya simu Tunduma, na Ezron akabaki na nyumba, mbwa asiyebweka, na vichanja vitatu vya kahawa ambayo Restuta aliichuma na kuiosha kwa mikono yake.

Kila msimu, Restuta ndiye aliyelala nje kuilinda kahawa. Ezron alikuwa na sababu zake: mgongo, harusi, kipaimara cha watoto wa watu, na baridi, ingawa hiyo ya baridi hakuitaja kamwe. Restuta alikuwa na blanketi, filimbi, na tochi ambayo hakuruhusu mtu aichezee. Asubuhi angeingia ndani akiwa na umande kwenye kitambaa cha kichwa na kusema, "Baba Rozi, jana ule moshi wa juu ulikuwa mwingi. Nipigie picha basi."

Moshi wa juu ulikuwa ule mkanda mweupe wa nyota unaolikatiza anga lote, kuanzia upande wa Ileje mpaka upande wa Kamsamba.

"Ile haipigwi na kamera hii," Ezron angejibu. "Ile inataka darubini kubwa kama pipa."

"Umejaribu?"

"Nitajaribu kesho."

Kesho hiyo ilichukua misimu saba. Na sasa mzee Yesaya, anayesimamia kikundi cha wakulima wa pale, alikuwa amepita kumwambia kuwa kahawa ya mama Rozi imekauka vizuri, na Jumamosi ya wiki ijayo itatiwa magunia na kupelekwa chamani. Ezron alihesabu siku. Zilikuwa kumi na mbili. Baada ya hapo vichanja vingekuwa vitupu, na hakuna mtu angekuwa na sababu ya kukaa nje pale usiku. Kama kuna wakati wa kuipiga picha ile, basi ni kabla kahawa yake haijaondoka chini ya anga lake.

Alimpigia Rozi kuuliza darubini zinauzwa wapi.

"Darubini ya nini, baba? Kamera yako inatosha, na lenzi ile ile. Nimekutumia video, uitazame yote. Usiruke kama unavyorukaga."

Ezron aliruka. Alikuwa amepiga picha miaka ishirini na sita. Paspoti za nusu ya Mbozi zilipita mkononi mwake, na hakuona kijana wa kwenye video angemfundisha nini. Usiku wa kwanza alisimamisha stendi, akaiacha kamera ijipangie yenyewe kila kitu kama anavyofanya kwenye send-off. Kamera ikaunguruma, ikatafuta cha kushika gizani, ikakosa, ikakataa kupiga. Usiku wa pili aliilazimisha. Ikatoa nyota nene kama maandazi, kwa sababu ilikuwa imejilenga kwenye mparachichi wa Ferista. Usiku wa tatu alisema moyoni kwamba dawa ya giza ni muda, akaiacha wazi dakika tano. Nyota zote zikachora mistari, kana kwamba kuku amechakura angani.

Ndipo alipoitazama video. Kumbe ni dunia inayozunguka, na kamera ikiachwa wazi muda mrefu inaunasa mzunguko wenyewe. Jambo hilo lilimuudhi kidogo. Miaka yote hiyo alikuwa amewagombeza wateja kwa kutikisika, na sasa aliyetikisika alikuwa dunia.

Baadaye ukungu uliharibu siku nyingine kadhaa; picha zilitoka nyeupe kama ukuta wa studio. Hata hivyo aliendelea kutoka nje. Alijiambia anafanya mazoezi.

Lilikuwapo jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Mara kwa mara usiku, upande wa migomba, alisikia mtu akikohoa. Kikohozi kidogo, cha kujizuia. Ezron hakuamini mambo ya mizimu. Alikuwa mzee wa kanisa msaidizi. Lakini usiku mmoja, baridi ilipokuwa kali na picha zote zimeharibika, kikohozi kilisikika, naye akajikuta anasema polepole, "Nakusikia, mama. Bado sijaipata."

Hakujibiwa, akaenda kulala.

Alhamisi, siku mbili kabla ya magunia, hakukuwa na ukungu wala mwezi. Moshi wa juu ulikuwa mwingi. Ezron alifanya kila kitu kama alivyoelekezwa. Lenzi aliizungusha ione kwa upana wake wote, akafungua tundu lake lote. Alilenga kwa mkono, akiikuza nyota moja kubwa kwenye kioo mpaka ikawa nukta. Aliweka sekunde ishirini tu, na akaipanga kamera ipige yenyewe baada ya muda kidogo, ili kidole chake kisiitikise. Picha ikatoka. Moshi ulikuwapo, hafifu, lakini ulikuwapo.

Angeishia hapo, mambo yangekuwa mazuri. Lakini Ezron alikuwa fundi, na fundi hatosheki. Alitaka kigoda cha Restuta kionekane chini ya nyota, kitupu, ili mtu akiiona picha anyamaze. Akakitoa ndani, akakiweka mbele ya kichanja, akafungua kamera, kisha akainua flashi kwa mkono juu ya kichwa na kukimulika kigoda. Mara moja. Haikutosha. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Filimbi ililia nyuma ya migomba. Nyingine ikajibu kutoka kwa majirani, akina Lusubilo, nyingine bondeni. Mbwa asiyebweka akabweka. Kabla Ezron hajaelewa lolote, watu walimjia kutoka pande zote, wamejifunika mablanketi, wana fimbo na tochi, na tochi zote zikaelekea kwenye uso wake.

"Yuko wapi?" aliuliza mzee Yesaya, aliyetokea migombani kabla ya wote.

"Nani?"

"Mwizi."

"Hakuna mwizi, mzee. Ni mimi."

"Sasa alama umepiga ya nini?"

"Alama gani?"

Ferista ndiye aliyeanza kucheka, akiwa ameshika mwichi wa kutwangia.

"Shemeji, taa mara tatu juu ya kahawa ni mwizi. Hata mtoto wa chekechea anajua. Wewe kahawa unaiuza tu, kuilinda hukuwahi?"

"Mama Rozi hakuniambia," alisema Ezron.

"Angekuambia saa ngapi? Ulikuwa umelala."

Watu wakacheka. Mzee Yesaya akakohoa, kikohozi kidogo cha ugoro. Ezron akamgeukia.

"Mzee. Ulifikaje hapa haraka hivyo?"

"Nilikuwa hapo migombani."

"Ukifanya nini?"

"Zamu yangu. Tangu tumzike mama Rozi tunapokezana: mimi, Ferista, na Lusubilo siku nyingine. Ulidhani kahawa hii inajilinda?" Yesaya akasafisha koo. "Tulikuona unahangaika na hilo dubwana lako, tukasema mwacheni, ana msiba. Juzi ukaniita mama. Sikuona vizuri kukujibu."

Ezron alitazama chini. Alishukuru kwamba kulikuwa na giza, halafu akakumbuka kwamba tochi kumi na nne zilikuwa bado usoni kwake.

"Unapiga nini lakini?" Ferista aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Ule moshi wa juu. Aliuomba."

Hakuna aliyecheka hapo. Mzee Yesaya alisema, "Zimeni taa." Tochi zikazimika moja baada ya nyingine, mpaka watu wakabaki vivuli tu, na juu yao anga likarudi lilivyokuwa, limejaa.

"Sekunde ishirini," Ezron alisema. "Mtu asitikisike."

Walimsaidia kuhesabu kwa kunong'ona, kama watu walio kanisani. Walipofika kumi na tano mzee Yesaya alibanwa na kikohozi, akajikunja, akakimeza. Kamera ikafunga. Ezron akainama kwenye kioo.

Moshi ulikuwa umekatiza picha nzima, mwingi, na nyota ni nukta kabisa. Kahawa ilionekana, weupe hafifu chini ya nailoni ya kuifunikia. Watu walikuwa vivuli, na mmoja wao, yule aliyejikunja, ametoka na vichwa viwili. Kigoda hakikuwa kitupu. Ferista alikuwa amechoka kwa mbio, na gizani alikikalia bila kujua ni cha nani, mwichi ukiwa mapajani, ametulia kuliko mteja yeyote aliyewahi kukaa mbele ya Ezron.

Angeweza kumwomba ainuke, wapige nyingine. Muda ulikuwapo. Aliangalia kioo mara ya pili, akazima kamera.

"Imetoka?" Ferista aliuliza.

"Imetoka."

"Nimekaa vizuri?"

"Umekaa vizuri, shemeji."

Jumamosi kahawa ilitiwa magunia, ikaenda chamani. Sasa ni msimu mwingine, na flashi imefungiwa kabatini. Tochi ya Restuta ndiyo inayotoka nje usiku. Msimu huu Ezron ana zamu ya Jumamosi, na harusi za Jumamosi hazipokei tena.