Biblia ya Zipu

Kwa miezi minane watu wa soko la Mukuyuni waliniita Mwalimu, na mimi nikaitika. Hiyo ndiyo aibu ya kwanza. Masomo yangu yaliishia darasa la nane, na hata hilo la nane nililimaliza kwenye dawati la nyuma kabisa, pale ambapo mwalimu hafiki.

Kazi yangu ilikuwa kumsomea Pasta Nyamai. Kila siku ya soko, mbuzi wakishanunuliwa, spika zilikuwa zinawekwa karibu na uwanja wa mifugo, na Pasta anahojiana na Abdow, mnunuzi wa mbuzi kutoka Kabati, Mwislamu anayeijua Biblia kuliko wazee wetu wawili wa kanisa ukiwaweka pamoja. Wanaohojiana hawasomi wenyewe. Mhubiri anataja kitabu na sura, ananyoosha kidole, anasema, "Soma!" Msomaji anasoma kipande, mhubiri anakirudia kwa nguvu, watu wanapiga makofi. Msomaji mzuri anavuna nusu ya makofi hayo. Mimi nilikuwa nimeyazoea kama chai.

Shida ni kwamba sikuwa nasoma.

Macho yangu ni ya polepole. Nikikutana na maandishi mageni, lazima kidole kitembee chini ya neno, midomo ikifuate kidole, na sauti itoke hata kama ni ndogo, ndiyo neno liingie. Watoto wa dada yangu hunicheka. Kwa hivyo Pasta akinipa orodha ya mistari Jumatano, nilikuwa naweka Biblia ya marehemu susu, bibi yangu, kando ya ungo, nachambua ndengu huku nakariri. Kiganja kimoja cha ndengu, kipande kimoja cha mstari. Siku ya soko nafungua kitabu popote, nakitazama kwa heshima, nateremka na mistari ya kichwani. Kuna siku nilisoma nusu sura ya Warumi nikiwa nimefungua ramani za mwisho. Makofi yalikuwa mengi sana.

Pasta hakujua. Aliyeanza kushuku ni Yvonne, msichana wa kwaya aliyemaliza kidato cha nne, ambaye alikuwa anaitazama ile maiki kama mtu anavyotazama nyama ya jirani. Nami nilijua wazi: siku nikishikwa, Yvonne anachukua maiki, na mimi narudi kuwa Mumbua anayefagia kanisa. Kufagia si kazi mbaya. Lakini hakuna mtu anayepigia ufagio makofi.

Sasa, siku yenyewe. Pasta aliniita mbele ya watu wote akasema Biblia ya susu, iliyoshonwa kwa uzi wa gunia, inaaibisha huduma. Akanipa mpya, nyeusi, ya zipu. Nikaifungua zipu, nikaifunga. Nikaifungua tena, nikaifunga. Mama mmoja wa maembe akaniuliza, "Mwaitu, mama, unaogopa Neno litatoroka?"

Ndani sikutazama. Nitazame nini? Mistari yote nilikuwa nayo kichwani, kutoka kwa ile ya susu.

Abdow alikuja akipangusa mikono, kofia yake nyeupe ikiwa na vumbi la uwanja wa mbuzi.

"Pasta," akasema, "mimi si mtu wa fujo. Nionyeshe tu mahali Biblia inasema Mungu ni watatu, na hao watatu ni mmoja. Neno lenyewe Utatu nimelitafuta mpaka macho yanauma."

"Neno halimo, maana yake imo," Pasta akajibu. "Yesu mwenyewe aliwatuma wabatize kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Hao ni watatu wametajwa. Mimi nikituma salamu kwa Kiema na Mwangangi, wamekuwa mtu mmoja?"

Kiema, fundi wa viatu, akapiga kelele kutoka kibandani kwake, "Mimi na Mwangangi? Hata choo kimoja hatuwezi!"

Watu wakacheka. Pasta akangoja wamalize. Nilimwona anatabasamu, maana alikuwa na mstari wake wa akiba.

"Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya tano. Mwalimu, soma!"

Nikafungua zipu polepole, ili waisikie kwenye maiki. Nikainamisha kichwa, nikateremka: wako watatu wanaoshuhudia mbinguni, Baba na Neno na Roho, na hao watatu ni kitu kimoja. Makofi! Vigelegele! Mama wa maembe akaokota kitambaa chake akakipunga hewani.

Abdow hakupiga makofi wala hakukasirika. Alinitazama tu.

"Dada, rudia."

Nikarudia. Bila kosa. Hata pumzi nilivutia pale pale nilipoivutia mara ya kwanza.

"Ajabu," akasema, akitoa Biblia yake ndogo mfukoni. "Yangu haina hayo maneno."

"Yako umenunulia wapi?" Pasta akamuuliza. "Imekatwa hiyo!"

"Pengine imekatwa. Basi tusome ya dada. Hiyo umempa wewe mwenyewe leo, zipu yake tumeisikia wote."

Nikatazama chini. Kitabu kilikuwa wazi kwa nabii fulani, sijui hata ni yupi. Nikaanza kufunua. Yvonne alikuwa ameshasogea begani kwangu, nasikia anavyopumua. Pasta akaweka mkono juu ya maiki, akanong'ona, "Soma vile umesoma." Halafu akautoa mkono.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo nilichagua ukweli. Sikuchagua chochote. Nilikuwa nautafuta ule mstari kwa moyo wote, ili niuone na nipone, na mimi nikitafuta, midomo inasoma yenyewe. Maiki ilikuwa chini ya kidevu.

Kwa hivyo Mukuyuni yote, pamoja na mbuzi, wakasikia Mwalimu wao akisoma kama mtoto wa darasa la pili. "Ro… ho. Na ma… ji. Na da… mu." Mbinguni hakukuwepo. Baba hakuwepo, Neno halikuwepo. Nikadhani nimeruka mahali, nikarudi nyuma na kidole, nikasoma tena. Na kwa sababu sikujua mstari unaishia wapi, nikaendelea mpaka chini kabisa ya ukurasa, penye maandishi madogo kama chawa, nikayasoma nayo pia: kwamba nakala chache, zilizoandikwa baadaye, zinaongeza maneno juu ya mashahidi wa mbinguni.

Nilipoinua uso, Kiema alikuwa ametoka kibandani, kiatu mkononi.

"Aka!" Kiema akasema. "Kumbe Mwalimu hajui kusoma!"

"Amesoma," Abdow akamjibu. "Leo ndiyo amesoma."

Pasta akasema kwa haraka kwamba imani ya Utatu haikai juu ya mstari mmoja. Abdow akamuuliza mbona basi ameupandia huo huo. Yvonne alikuwa ameshanipokonya maiki, kwa upole, kama unavyomwondolea mtoto kisu mkononi.

Wiki mbili nilifagia kanisa. Nyumbani niliweka Biblia mbili kando ya ungo, ya uzi na ya zipu, nikatembeza kidole hapa, nikakihamisha kule. Sikuacha kuamini Baba, Mwana na Roho. Ila niliona haya kwamba nilikuwa nawatetea kwa macho yaliyofumbwa, kana kwamba wao ndio waliohitaji uongo wangu.

Jumatano ya tatu Pasta akaja mwenyewe. Akakaa juu ya mtungi wa plastiki, akachukua ndengu mbili tatu, akazirudisha.

"Abdow amekataa kuhojiana," akasema. "Ati Yvonne anasoma kama maji ya bomba. Anataka yule anayesoma kilichoandikwa."

"Na wewe Pasta, unataka nani?"

Akakuna shingo. "Mimi nataka watu warudi. Walipungua."

"Orodha iko wapi?"

"Hakuna orodha, Mumbua. Utakutana na mstari hapo hapo."

Nikamwaga ndengu.

Siku ya soko nilisimama na kile kitabu cha zipu. Hakuna aliyeniita Mwalimu. Pasta akanyoosha kidole. "Mathayo, sura ya mwisho, pale chini. Soma."

Niliutafuta mpaka Kiema akauliza kama tutalala hapo. Nikauona. Nikaweka kidole, nikatembea: nikasoma habari ya kwenda, na ya mataifa yote, na ya kubatiza kwa jina la Baba. Nikapumzika. Na la Mwana. Jina moja, nikajiambia, na wanaotajwa ni watatu. Miezi minane nimelikariri na sijawahi kuliona. Na la Roho Mtakatifu.

Hakuna aliyepiga makofi. Nadhani walikuwa bado wanangoja kuona kama nimemaliza.

Abdow akainua mkono.

"Dada, rudia."

Nikarudi nyuma na kidole. Maneno yalikuwa pale pale nilipoyaacha.