Macho ya Valerie Jioni

Wakhungu aliyasifu matembezi ya jioni porini mpaka majirani wa Kitengela wakachoka naye: mtu ataonyeshwa miti na majina yake, jua litazama, halafu nyota zitoke zote kama zimeitwa. Mkewe, Wilkister, aliitikia tu. Haja yake haikuwa nyota. Alitaka kuona vile Valerie, kitinda mimba wake, atatembea giza likiingia.

Maana tangu wahame kutoka Kakamega, mtoto huyo mchana ni mzima kabisa, anapenya ua kama kindi. Jua likienda chini, anaanza kupapasa. Anakwaa karai, anagonga mlango. Na Wilkister alikuwa na kaka, Nalianya, aliyeanza hivyo hivyo, kwa kujikwaa jioni, na sasa anashikwa mkono kupelekwa choo. Hakuwa amemwambia mumewe. Jambo kama hilo ukilitamka linavuta kiti na kuomba chai.

Basi Jumamosi moja, Januari ya 2003, kabla shule hazijafunguliwa, wakaenda kwa Naipanoi, mwalimu mwenzake Wakhungu, ambaye boma lake liko karibu na mto, nje ya mji wa Kajiado. Valerie na dada yake Beverlyne wakainamisha vichwa, naye akawagusa utosini kama Wamaasai wanavyosalimu watoto.

"Sopa, Mama Beverlyne."

"Ipa," akajibu Wilkister. Kimaasai chake kiliishia hapo.

Njia ilikuwa rahisi, njia ya mbuzi tu, ikifuata mto mkavu chini ya migunga. Naipanoi akawapitisha kwa olerai, ule mgunga wa gome la manjano; ukiupapasa, unga wake unabaki kiganjani. Mbele kidogo akasimama kwa mti mweusi uliojikunja.

"Hii ni oloirien. Tunachoma kijiti chake, tunasafisha nayo kibuyu cha maziwa."

"Kumbe ndio maana maziwa yenu inanuka moshi, ticha!" akasema Beverlyne, msichana wa kidato cha pili asiyejua kumeza neno.

"Na bado uliramba kikombe."

Valerie ndiye aliyemwona digidigi. Mnyama huyo alikuwa amesimama kichakani kimya kama jiwe, na wakubwa wote walikuwa wamempita. Wilkister akapata joto moyoni. Labda ni mimi tu, akajiambia. Labda mtoto hana neno.

Jua likazama. Huku halina kuaga, linaanguka tu. Papo hapo Valerie akashika leso ya mamake, kichwa chini, miguu ikitafuta njia kama fimbo. Akakwaa mzizi, akaangukia magoti.

"Huyu naye! Unatembea kama umetoka baa," Beverlyne akacheka.

"Nyamaza!" Wilkister alisema kwa sauti iliyomfanya Wakhungu ageuke.

Wakatokea kwenye mwamba, mahali peupe pasipo mti. Mwezi ulikuwa mwembamba kama ukucha. Wakhungu akaanza somo lake: kwamba kila nyota ni jua la mbali, na mwanga huu wanaouona uliondoka huko kabla wao hawajazaliwa. Naipanoi naye akaonyesha fungu dogo la nyota zilizobanana kama vifaranga.

"Hiyo ni Kilimia. Sisi tunaita Inkokua. Wazee walikuwa wakiangalia hiyo, wanajua mambo ya mvua. Haya, kila mtu aseme anaona ngapi."

"Sita," akasema Beverlyne.

"Tano," akasema Wakhungu, "na nyingine za kubahatisha."

"Valerie?"

"Sioni."

"Angalia juu ya ule mti mrefu."

"Sioni kitu."

Wilkister akakaa chini bila kuchagua mahali. "Baba Beverlyne," akasema, "ni macho. Ni ile ya Nalianya."

Mkono ambao Wakhungu alikuwa akionyeshea nyota ukashuka polepole, kama mti unaokatwa na hautaki kuanguka.

Naipanoi akawasha tochi, akaimulika chini ili isimchome mtoto. Akainama. "Valerie, mbona umefumba macho?"

Wilkister akanyoosha mkono, akapapasa uso wa bintiye. Kweli. Kope zilikuwa zimebanwa kama za mtu aliyepewa kwinini.

"Fungua, mama."

"Sitaki."

"Kwa nini?"

Hapo kilio kikamtoka mtoto. "Kukhu alisema mtoto akihesabu nyota mama yake anakufa! Kwetu kulikuwa na migomba, inafunika. Huku ziko wazi zote. Nilihesabu kidogo tu, sikutaka, na wewe ukalazwa hospitali!"

Wilkister akakumbuka ile malaria iliyomlaza mara tu walipohamia. Kumbe kila jioni, tangu wakati huo, mtoto amekuwa akifunga macho na kukwaa makarai ili mama yake aishi.

Alicheka, na machozi yalikuwa yanashuka. Nyuma yake alimsikia Wakhungu akipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua gunia.

"Niambie, kukhu ni mama ya nani?"

"Yako."

"Na mimi aliniambia hivyo hivyo nikiwa kama wewe. Nikahesabu. Nilikuwa mkaidi kuliko huyu dada yako."

"Haiwezekani," akasema Beverlyne.

"Sasa kukhu yuko wapi?"

Valerie akafikiri. "Yuko shambani. Anapigana na tumbili."

"Basi."

Jicho moja likafunguka, halafu la pili. Mtoto akainua uso polepole. Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikitikisika, kisha akageuka.

"Mama, uko?"

"Niko."

"Saba. Na kuna kengine kadogo hapo kando."

"Uongo!" Beverlyne akaruka. "Wapi?"

Lakini Valerie alikuwa amekwisha kuhamia upande mwingine wa mbingu. Akihesabu kidogo anasimama, anauliza, "Mama, uko?" na Wilkister, amelala chali juu ya mwamba ambao bado una joto la jua, anajibu, "Niko. Endelea."