Mjomba Asimame Kando ya Mkeka

Asubuhi ya omengat, sherehe ya kumtoa nje mwanangu Dilubech baada ya uzazi wake wa kwanza, ndugu zangu waliamua kaka yangu Ngirakesau apelekwe kwa binamu yetu hadi wageni waondoke. Ndivyo walivyofanya kila sherehe tangu alipougua skizofrenia na kuanza kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Walisema upande wa mume wakimwona wataiogopa damu yetu, na mtoto atatazamwa vibaya maisha yake yote.

Dilubech alikuwa tayari kwenye kibanda cha mvuke, ameoshwa kwa majani ya moto, amepakwa mafuta ya nazi na manjano mwili mzima. Mikeka ilikuwa imetandikwa, na kando yake mahali pa wajomba kusimama. Watu walingoja. Hakutoka.

Badala yake alimwita mlangoni mama mkwe wake, Bi Kebekol, ambaye ulimi wake mkali unajulikana kijijini kwetu Airai kote. Nilisimama nyuma yao nikiomba kimoyomoyo, maana ndoa ya mwanangu ilikuwa mlangoni hapo.

"Mama, mimi na mume wangu tulimuuliza daktari," alisema. "Ugonjwa wa mjomba unaweza kupita kwenye ukoo. Hakuna mbegu moja inayouleta. Ni chembe nyingi ndogo za urithi, na maisha nayo huongeza yake. Hatari ya mwanangu imezidi kidogo ile ya watoto wengine, lakini wengi wenye ndugu mgonjwa hawaugui kamwe. Tukimficha mjomba, damu haibadiliki. Nazi za mafuta haya alizikuna yeye. Bila yeye sitoki."

Bi Kebekol alinigeukia mimi.

"Kwa hiyo mlidhani sisi ni malaika? Nyanya yangu alizungumza na kuku hadi alipokufa, na hatukumficha. Kuku ndio waliojificha." Wanawake waliangua kicheko. "Mleteni. Au mnataka mimi nisimame upande wa wajomba, na makalio haya?"

Mimi mwenyewe nilimfuata kaka kwa binamu. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Sijui nani alimwambia. Alisimama kando ya mkeka, na Dilubech akatoka, uso juu, aking'aa kama jua la Bwana. Wanawake wakaanza kuimba.

Kaka alinishika mkono.

"Dada, sauti hizi ni za watu?"

"Ni za watu, kaka. Wanatuimbia sisi."

Akanyoosha mgongo, akaiweka sawa kola yake.