Mlango Usioitika

Njiku hakuitika hodi ya dada yake. Tatizo ni hilo, wala halina maelezo marefu. Mwasiti alitoka Tabora kwa basi, akafika Singida jua likizama, akasimama mbele ya mlango wa chuma wa mdogo wake, akabisha hodi mara tatu kama ilivyo desturi. Koo lake lilikuwa limekauka kwa vumbi la safari, na miaka ilikuwa imeiparua sauti yake. Ndani, Njiku alikuwa ameketi gizani juu ya gunia la mashudu ya alizeti, panga magotini, amezuia pumzi. Hakuitambua sauti. Hakuuliza ni nani. Hodi ya tatu ilipokwisha alisikia nyayo zikiondoka taratibu, akashusha pumzi, akajiambia kwamba ameokoka.

Hakuwa hivyo zamani. Alikuwa mkamuaji wa mafuta ya alizeti, mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye sauti kubwa, na mbele ya nyumba yake palikuwa na baraza la mawe ambapo majirani wanne walikuja kila alasiri kucheza bao na kumsema vibaya yeyote asiyekuwepo. Kisha wezi wakaja siku ya mvua kubwa, wakamfunga kamba, wakaondoka na mota ya mashine. Baada ya hapo mtu asiyemjua akampigia simu, akasema neno moja tu: "Tunarudi." Njiku akaivunja laini ya simu, ingawa watoto wake walioko mbali walimpigia kwa hiyo, akaitupa chooni. Akapanda vipande vya chupa juu ya ukuta, akaweka mlango wa chuma wenye makomeo matatu na tundu la kuchungulia. Halafu akachukua nyundo akalivunja baraza, kwa kuwa mtu fulani sokoni alimwambia kwamba wezi hukaa barazani kusoma nyumba. Majirani walisimama wakamtazama akivunja. Walibeba bao lao wakaondoka, na hawakurudi.

Asubuhi baada ya ile hodi, Mama Hidaya, jirani wa nyumba ya tatu, alikuja akaugonga mlango wa chuma kwa kiganja.

"Njiku! Fungua, au sema kupitia hapo kwenye tundu kama mahabusu, mimi sina shida."

"Kuna nini?"

"Una mgeni kwangu. Dada yako Mwasiti. Kalala kitanda kimoja na wajukuu zangu, wamempiga mateke usiku kucha."

Mama yao alipokufa, Mwasiti ndiye aliyemlea Njiku. Hapakuwa na mwingine aliyebaki wa tumbo lile. "Ile hodi ya jana…" alisema.

"Ndiyo hiyo. Kaja kukuaga. Mwanawe anamhamishia Mpanda, na kwa umri wake ule, ukimwona tena mshukuru Mungu. Kwenye basi kapakata kigoda cha mama yenu njia nzima, anasema ni chako."

"Mwambie aje, nitafungua."

Mama Hidaya akaenda, akarudi. "Kasema hivi: nilishabisha hodi, sasa abishe yeye. Basi lake ni la mchana."

"Siwezi kuiacha nyumba peke yake, mama."

"Nyumba ina umri gani, Njiku, hata uogope kuiacha peke yake?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Vaa viatu uje, bwana. Ni nyumba ya tatu, siyo Kongo."

Njiku alivaa viatu. Alifungua komeo la kwanza, akafungua la pili. Mkono ulipofika kwenye la tatu ukagoma. Aliona nyumba ikiwa wazi, aliona watu wasio na sura wakiingia, alisikia lile neno la simu. Alijiambia apumzike kidogo, ajikusanye. Akaketi chini, mgongo ukiegemea mlango, viatu miguuni. Alikuwa amekesha na panga lake, macho yalikuwa mazito kama yamemwagiwa mchanga, na jua la asubuhi lilikuwa limeanza kukipasha moto kile chuma. Usingizi ukamchukua pale pale.

Akajiona yuko katikati ya shamba la alizeti lisilo na mwisho. Mimea ilikuwa mirefu kumpita, na vichwa vyake vyote, vikubwa kama sinia, vilikuwa vimelipa jua kisogo na kumgeukia yeye. Alipokwenda kushoto viligeuka naye, alipokwenda kulia viligeuka, na katika kila kichwa mbegu nyeusi zilimtazama kama macho. Akatembea kwa kuinama, akiona aibu kama mtu aliye uchi sokoni, mpaka akatokea kwenye mji ambao nyumba zake hazikuwa na madirisha wala vipini vya milango kwa nje. Hapakuwa na mtu barabarani. Lakini ndani ya kila nyumba alisikia watu wakipumua, pumzi fupi fupi, kama yake alipokuwa juu ya gunia la mashudu. Na mbali sana, ng'ambo ya mji, sauti ya mwanamke ilikuwa ikibisha hodi. Ilikuwa sauti nzima, changa, isiyo na vumbi, sauti aliyoisikia utotoni ikirudi kisimani na ndoo kichwani. Moyo wake ukaruka kuelekea kule kabla ya miguu.

"Usikimbie," mtu akamwambia. "Hapa ukikimbia tu, njia zinaongezeka."

Aligeuka akamwona mwanamke mrefu, aliyejifunga khanga moja nyepesi, akitetemeka kwa baridi, na kiunoni ana funguo nyingi zilizong'aa kwa kutumika. Alikuwa na uso wa mtu anayeangalia barabara pande zote kabla ya kuvuka, bila kuogopa magari.

"Wewe nani?"

"Vizuri," mwanamke akasema. "Umeuliza. Wengi hapa hawaulizi. Mimi ni Tahadhari. Niliwahi kukaa nyumbani kwako miaka mingi, ukanifukuza siku uliyopata mgeni aliyevaa koti langu. Twende, nitakuonyesha alikofika nalo."

Wakatembea. Langoni mwa soko walimkuta mtu mnene aitwaye Uvumi, amekaa nyuma ya meza, akipima vitisho kwa kopo kama watu wanavyopima karanga, akivifunga kwenye karatasi na kuwasukumia watu chini ya milango. "Karibu, kaka! Cha leo kibichi kabisa," alimwambia Njiku. "Kuna watu kumi mtaani kwako. Au ishirini. Onja kwanza, nyongeza ni bure." Njiku alikwishanyoosha mkono, kwa sababu alilijua lile kopo na alikuwa amelizoea, lakini Tahadhari akamuuliza yule mnene, "Nani amewaona?" na Uvumi akaanza kupangusa meza yake kana kwamba hakusikia. Mbele kidogo alikaa fundi cherehani mwembamba, Shaka, ambaye hakuwa na nguo nyingine dukani ila makoti ya wezi. Kila aliyepita, awe mzee, awe mama mwenye mtoto, alimpima kwa jicho, akakata, akashona, akamvalisha kabla hajafika kona. Njiku aliyaona makoti manne yametundikwa ukutani, akayatambua mabega yake. Yalikuwa ya wale wacheza bao wake. Koti la tano lilikuwa bado mezani, dogo, la mwanamke mzee, na sindano ilikuwa inakwenda.

"Hilo acha," Njiku akasema.

"Wewe ndiye uliyeagiza," Shaka akajibu bila kuinua kichwa. "Jana, jua likizama."

Ile hodi ikasikika tena, ng'ambo ya nyumba, na safari hii ilikuwa imechoka kidogo. Njiku akamshika Tahadhari mkono. "Nipeleke kwake, nakuomba. Anaondoka."

"Nyumba anayobishia hodi ni yako," Tahadhari akasema. "Lazima uingie ndani yake ndipo utoke."

Wakaifikia. Njiku aliijua kwa vipande vya chupa. Humo alimkuta mwashi mkubwa, amewapa mgongo, akijenga ukuta mbele ya ukuta, na kila tofali alilopanga lilikifanya chumba kiwe kidogo zaidi. Alikuwa amevaa koti zuri, zito, la mlinzi, mikono ya koti imempita urefu. Pembeni, kwenye kitanda cha marehemu mke wa Njiku, alikaa mtu mwenye rangi ya majivu, kimya, mikono magotini, kama mwenyeji.

"Yule mwashi ni Hofu, na lile ni koti langu," Tahadhari akasema kwa sauti ya chini. "Ukimtazama haraka utasema ni mimi. Sikiliza nikufundishe kututofautisha, maana wezi wapo, sikudanganyi, na yule aliyekupigia simu hakuwa ndoto. Komeo ni langu. Taa ya nje ni yangu. Baraza lenye watu wanne wanaojua kila uso wa mtaa, hilo lilikuwa langu kuliko makomeo yote, nawe ukalivunja kwa nyundo. Hodi inapobishwa, mimi huuliza 'Nani?' kisha husubiri jibu. Huyu haulizi. Akiuliza atajibiwa, na akijibiwa kazi yake imekwisha."

"Na yule wa kitandani? Aliingiaje, na milango yote imefungwa?"

"Ni Upweke. Yeye habishi hodi. Kuta hazimzuii, zinampisha."

Njiku akasema, karibu na kulia, "Basi niitie Ujasiri. Anakaa wapi?"

"Hana nyumba mji huu. Ni mpita njia. Humkuti ukiwa umekaa ukimsubiri. Utamkuta nje, ukishavuka kizingiti, naye atakwenda nawe kama mtu mliyezoeana."

Hodi ya tatu ikabishwa. Ilikuwa mlangoni hasa, nyuma ya matofali, na sasa ilikuwa sauti ya kizee, ya vumbi. Njiku akaisogelea. Hofu akageuka, na uso wake ulikuwa uso wa Njiku mwenyewe, mweupe kwa vumbi la saruji. Akaweka kiganja chake kikubwa juu ya kinywa cha Njiku, kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. "Nyamaza," akasema. "Ataondoka tu. Wote huondoka." Na kweli, nje, nyayo zilianza kugeuka. Hamu ilimpanda Njiku kutoka tumboni, hamu ya mgongo aliobebwa juu yake, ya mkono uliompangusa kamasi, ya mtu mmoja duniani anayekumbuka sauti ya mama yao, akaking'ata kile kiganja, akatoa sauti kama bawaba yenye kutu:

"Nani?"

Nyayo zikasimama.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi niliyekubeba, mjinga wewe."

Akaamka akisema "Karibu!" kwa nguvu hata nyumba ikarudisha mwangwi. Hapakuwa na mtu. Kile chuma kilikuwa kinamchoma mgongoni, maana jua lilikuwa limehama kutoka asubuhi kwenda mchana, naye akaelewa yote kwa pamoja, bila mtu kumweleza: kwamba alilokuwa analilinda usiku na mchana lilikuwa nje, limeketi nyumba ya tatu, limevaa viatu vya safari. Akafungua komeo la tatu. Hakufunga nyuma yake. Akatoka mbio na viatu vyake vya kusubiri, na njiani hakuona kitu cha kutisha ila kuku wawili na mwenye duka aliyeshangaa kumwona juani.

Mlangoni kwa Mama Hidaya alisimama, akajipangusa uso, akabisha. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Ya tatu aliibisha taratibu, na akiwa amesimama pale, mlango umemkazia macho, alijua sasa kile kimya kina uzito gani kwa aliye nje.

Mama Hidaya akazunguka kutoka uani, mikono ina unga. Alimtazama kuanzia viatu hadi uso.

"Karibu, Njiku."

"Yupo?"

"Basi limeondoka. Alikaa hapa kizingitini mpaka konda akaja kumpigia kelele. Kila mtu akipita njia, yeye anainua kichwa." Akaingia ndani, akarudi na kigoda cheusi cha miguu mitatu, kilichochimbika katikati kwa kukaliwa. "Kasema huenda huna pa kukalia, kwa kuwa baraza hakuliona."

Njiku alikibeba mpaka kwake. Mlango ulikuwa wazi vile vile alivyouacha, na ndani hakuna kilichoguswa. Akakiweka kigoda nje, palipokuwa na baraza, akaketi, uso umeelekea barabara ya stendi. Alasiri mmoja wa wale wacheza bao alipita, akasita. Njiku akasema, "Karibu." Yule bwana akatafuta kwa macho pa kukaa, hakupaona, akasema atakuja siku nyingine.

Basi ilimgharimu hivi. Baraza moja la mawe. Majirani wanne. Laini moja ya simu ambayo watoto wake waliijua kwa kichwa. Hodi tatu. Na dada mmoja, mzee, aliyekuja kuaga, akalala na mateke ya wajukuu wa watu ilhali kwa mdogo wake palikuwa na vitanda vitatu vimetandikwa. Mota haimo kwenye hesabu hii. Mota iliibiwa. Hivi vingine alivitoa mwenyewe.